Anayetuchagulia Kabila

Yule mwenye chumba cha intaneti hapa Kasulu ana mikono laini isiyotulia hadi ishike kipanya chako. Umeshalipa, umekaa, mchezo wa kompyuta unakuuliza unataka kuwa mtu wa kabila gani. Hata hujasoma, mkono wake umeshapita begani kwako. Anakutazama usoni, anakohoa kidogo, anabonyeza. Wafupi anawatupa kwa vibeti wa migodini. Wale warembo wa msituni, wenye masikio marefu, eti wana wenyewe. Na anavyoongea kwa upole ndivyo anavyoniudhi zaidi! Watu wazima anawasalimia kwa kupiga makofi, kama Muha aliyelelewa vizuri, halafu anawavika meno ya yale majitu ya mchezoni.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Nadine. Wazazi wake walikimbia vita Burundi. Yeye kazaliwa hapa hapa, na kitambulisho chake cha taifa ni kama changu. Jamaa akambonyezea majitu. "Hawa wanaishi kambini, dada. Utawazoea upesi."

Nadine akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya mwenye chumba, akaigeuza kompyuta ya jamaa ituelekee. Kwenye kioo, ndani ya mchezo uleule, alisimama mtu mrefu, mwembamba, masikio marefu, nywele za fedha mpaka kiunoni. Mwenye chumba mwenyewe ni mfupi, na kitambi chake kinagusa meza.

"Huyu nani alikuchagulia?" Nadine akamuuliza.

"Aa, huyo," akajibu kwa upole uleule, "huyo nilijichagulia mwenyewe."