Kilima cha Mkono wa Kushoto

Kisiwa kizima kilimwita Bi Nembo, maana hapakuwa na duka, nyumba ya wageni wala kiwanda cha sabuni ambacho alama yake haikutoka mkononi mwake. Sasa nikikuambia jambo hili utasema natia chumvi: mwanamke huyu, aliyewanadia wageni kisiwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kutoka kisiwani hata siku moja. Tumbo lake na boti havikupatana. Akitia mguu tu, anatapika kabla kamba haijafunguliwa.

Basi ofisi ya utalii ikamwita. Walitaka nembo moja ya kisiwa chote, ikae kwenye boti, kwenye fulana, kwenye vipeperushi na kwenye bango kubwa la gatini. Mkurugenzi, mzee mwenye haraka zisizokwisha, akampa wiki tatu.

Hazikuhitajika wiki tatu. Jioni ile Bi Nembo alimkuta mama yake kibarazani, anajikanda magoti. Mama huyu alitembea miaka arobaini mpaka miambani, nyuma ya kisiwa, kila maji ya bahari yalipotoka, akiokota chaza, na chaza hao ndio waliomsomesha binti. Sasa magoti yamegoma. Kushuka ngazi tatu za kibaraza ni safari.

"Mama, wanataka nichore kisiwa."

"Kichore kama tulivyokuwa tukikiona tukiwa kule miambani. Mimi kule sirudi tena, mwanangu. Nataka nikione."

"Nitakuchorea."

"Isiwe kama ahadi za daktari wa magoti."

Akachora kwa brashi, mstari mmoja tu. Kilima mkono wa kushoto, kimeinama kidogo. Mstari unashuka, unajilaza, unaishia kwenye minazi mitatu mkono wa kulia. Hakutazama picha yoyote. Alikuwa amesimama utotoni mwake, maji yakimfika magotini, ameshika ndoo, anageuka kutazama nyumbani. Alipompelekea mama karatasi, mama aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akairudisha. Macho yake na vikaratasi vilishaachana zamani. Atakiona kikitundikwa gatini, akasema, na kesho yake majirani wote walikuwa wanajua.

Kwenye kikao, mkurugenzi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiki kisiwa cha nani?"

"Chetu, mzee."

"Chetu kilima kiko kulia."

Akaitwa nahodha wa boti ya abiria. Nahodha alitupa jicho mara moja, akacheka. "Dada, mimi nakuja hapa kila siku ya Mungu. Kilima kulia, minazi kushoto. Hicho chako sijui unakifikia kwa njia gani."

Kwa miguu, ndiyo njia. Lakini hakuna mgeni anayekuja kisiwani kwa miguu kutoka miambani, na Bi Nembo peke yake ndiye angeweza kukosea hivyo, maana mtu yeyote aliyewahi kusafiri alishakiona kisiwa kwa mbele. Watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kigeuze," mkurugenzi akasema. Kwenye kompyuta ni kubonyeza mara moja. Bi Nembo akabonyeza, kazi ikapita, na moyo ukamuuma kama aliyemwibia mtu.

Nyumbani hakuzunguka. "Wamekikataa, mama. Wanataka kinavyoonekana na wageni."

"Haya. Kazi ni kazi," mama akasema, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Siku ya kutundika bango, mama alivaa vizuri na kudai apelekwe. Alishawatangazia majirani, hawezi kujificha. Wakamshusha kwenye bajaji, wakamkalisha kwenye benchi ndani ya lango la gati, upande wa nchi kavu.

Bango la kitambaa lilitandazwa juu ya lango, likitazama baharini. Bi Nembo alishamwambia mkurugenzi kwamba kitambaa kile ni chepesi mno, lakini nani alimsikiliza? Jua la asubuhi lilitoka baharini, likapenya moja kwa moja. Kwa wanaoshuka botini, mambo safi. Kwa waliosimama ndani, kila kitu kilionekana kinyume, maandishi yameanzia mwisho, hayasomeki.

"Aibu gani hii!" mkurugenzi akafoka. "Fundi, lete kitambaa cheusi, panda ukashone kwa nyuma. Sasa hivi."

Bi Nembo alikuwa anatafuta pa kuficha uso aliposikia sauti ya mama.

"Wewe si ulisema walikikataa?"

"Walikikataa, mama."

"Mbona ndicho hiki?"

Akageuka. Kilima mkono wa kushoto, kimeinama kidogo. Minazi mitatu mkono wa kulia. Mama alikuwa ameinua fimbo, anaonyesha chini ya kilima. "Nyumba yetu ingekuwa pale," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Maandishi hakuyajali; kusoma hajui. Bi Nembo naye akalia pale pale, mbele ya ofisi nzima.

Fundi alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, kitambaa cheusi begani. Bi Nembo, ambaye hajawahi kumbishia mkurugenzi kwa lolote, alikwenda akaishika ile ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka kwanza, fundi," akasema. "Kuna mtu anaangalia."