Wimbo wa Ndani Kwenye Redio ya Abasi

Hafidha wa Mkuyuni anaishi kwa kuwaingizia watu nyimbo. Ukimletea memori kadi, anapakua mtandaoni kwa bando lake, anakujazia taarabu, singeli au kaswida, upendavyo. Siku ya gulio kibanda chake hakina hata pa kuegemea.

Gulio moja, habari ya redioni ilikuwa imezua ubishi kibandani: je, kila anayetumia intaneti akatwe ada ya lazima ya muziki, kisha apakue atakacho, na fedha wagawiwe wenye nyimbo? Mwalimu Laurenti aliunga mkono, akasema msanii naye ana tumbo. Abasi wa bodaboda akakataa katakata. Yeye husikiliza anachopewa na Hafidha, akatwe kwa lipi?

"Na huu je, mwalimu, mwenyewe atakayelipwa ni nani?" Abasi akauliza, akabonyeza redio yake ndogo.

Sauti iliyotoka ilimkata Hafidha maini. Ilikuwa ya Bibi Mwanaasha, kungwi wao, akimwimbia mwali mafunzo ya ndani, yale ambayo mwanamume hatakiwi kuyasikia hata kwa bahati mbaya. Hafidha alimrekodi kwa siri kwenye ngoma ya unyago iliyopita, ili ayashike maneno kabla ya zamu ya binti yake, Yasmin. Hilo kosa la kwanza. La pili, na ndilo la kijinga, aliuweka wimbo kwenye folda ileile yenye nyimbo za wateja.

Aliipokonya redio, akachomoa kadi na kuufuta wimbo. "Umempa nani mwingine?"

"Jamaa zangu wa Turiani, dada. Niliwatumia kwenye simu. Wanaupenda kweli."

Hafidha aliingiwa na hofu. Ngoma ya Yasmin ilikuwa mwezi ujao, na kungwi haingii nyumba iliyomwaga siri zake. Mtoto angekua bila kuchezwa, na wanawake wenzake wangemwona mtoto hata akishazaa.

Maneno ya gulioni hayahitaji bodaboda. Alasiri Bibi Mwanaasha alikuwa keshafika kibandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaketi taratibu. "Nasikia mnabishania ada. Wimbo ule ada yake ni kukaa ndani. Wewe ulikaa, ukasahau, ukadhani simu itakukumbusha. Basi utaingia upya, wewe na mwanao, mkeka mmoja. Simu utaniachia mimi."

Hafidha alilia, aibu na nafuu vikimjia pamoja. Mama mzima kuwekwa ndani kama mwali, mji utacheka mpaka uchoke. Lakini Yasmin atachezwa.

"Na ule uliofika Turiani, bibi?"

Bibi Mwanaasha aligeukia barabarani. Pikipiki ilipita na muziki wake, naye akaitegea sikio, asije akausikia wimbo ule, mpaka ilipopotelea konani. Ikaja nyingine, akaitegea hiyo pia.

"Huo," alisema, na sauti ambayo kila mwali huiogopa ilikuwa inatetemeka, "hata mimi unanitisha, mwanangu."