Bega Nililomwahidi Wakili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niko juu ya ngazi nakwangua rangi kuukuu ya madirisha ya nyumba moja kule Northfield, hapa hapa Birmingham. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili mwanzoni, damu ingali inachemka, na jeuri ninayo. Shule niliishia darasa la nne, Tanga. Haya magari ya kazi unayoyaona na jina langu ubavuni, sikupewa na mtu.

Mwenye nyumba alikuwa wakili mstaafu, Mwaustralia wa miaka themanini na ushee, mgane asiye na mtoto. Alizaliwa shamba, kwenye nyanda za kondoo, akienda shule kwa farasi. Vita Vikuu vya Pili vikamkuta kijana, akapelekwa misitu ya kisiwa cha Guinea Mpya kupigana na Wajapani. Baadaye akasoma sheria, akaoa Mwingereza, akamfuata huku, akawa anawatetea wapangaji wa mtaa wa Aston wasitupwe nje. Sisi Waswahili wa mtaa wa Balsall Heath tulimwita Wakili tu. Wengi wetu alitusemea bure.

Siku hiyo alinishikia ngazi kwa chini, kana kwamba angeweza kunidaka, akaniuliza tunavyozikana kwetu. Nikajigamba. "Mzee, kwetu jeneza halikai begani mwa mtu mmoja. Watu wanaligombea! Kila mtu anataka thawabu yake."

Naye akanieleza kwamba vitani yeye na wenzake walimbeba rafiki yao kwa machela, mlima mzima wa matope, na yule majeruhi akiwatania kuwa wanambeba kama gunia la viazi. Akafia njiani. Hawakumtua mpaka walipofika.

"Sijafanya jambo jema kuliko lile," alisema. "Mimi nitabebwa na watu wa kukodiwa."

"Haiwi! Tutakubeba sisi."

"Basi shuka, twende kwa wenye kampuni ya mazishi tuwaambie. Siwezi kwenda peke yangu kuandikisha watu wa kunibeba. Hiyo ni kuomba."

Nikacheka. "Usiniletee uchuro, mzee. Kwetu hatumpangii mazishi mtu anayekunywa chai."

Akanikazia macho. "Saidi, nimekula chumvi nyingi mahakamani. Neno lisilofanyiwa kazi halimbebi mtu. Huku asiyepanga hupangiwa."

Nikasema inshallah, ile ya kukwepa, unaijua. Kila aliponikumbusha, nikamuuliza habari za mpira. Wala si kwamba sikumpenda, mwanangu. Nilimpenda, ndiyo maana sikutaka kumtaja yeye na kifo kwa pumzi moja. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo.

Alifariki wakati wa baridi. Mpwa wake aliyeko Australia akapanga yote kwa simu. Sisi tukaenda mazishini tumejazana kwenye gari langu, kanzu ndani ya makoti, tukakuta wanaume wa kukodiwa wameshalinyanyua jeneza. Mimi kwa mazoea nikachomoka, nikapenyeza bega. Wakayumba. Jeneza likainama upande, watu wakaguna.

"Bwana! Bwana, tafadhali!" yule wa mbele akanong'ona. "Utamwangusha."

"Huyu ni wetu. Nilimwahidi."

"Hakuna aliyetuambia, bwana. Bima yetu hairuhusu mtu wa nje kubeba. Pole sana."

Nikatoa bega. Nikatembea kando, kiganja nimekigusisha ubaoni mpaka mlango wa kanisa, nao hawakunifukuza. Sitawasingizia, walikuwa watu wa adabu na walibeba vizuri. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia sauti yake.

Kwamba ahadi ni deni unajua tangu utotoni, sikukuita kwa hilo. Nakuambia hivi: mzee wako akitaka kuzungumzia kifo chake, kaa umsikilize. Usimzibe mdomo kwa jina la uchuro. Hofu ni yako wewe, yeye keshazoeana na kifo. Muulize anataka azikwe wapi, na nani, vipi, kisha inuka ukaseme kwa wahusika, maana ugenini desturi yako haijulikani mpaka uitamke. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na mimi, pamoja na magari yangu yote, siku ile nilikuwa mja.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe kwa wazee wako wangali wanasikia, na siku yako ikifika, ubebwe na mabega yanayokujua.