Posa kwa Rivasi

Gari nililokodi Kericho kwenda kuposa Ndanai lilikuwa jeupe kiasi kwamba ng'ombe wa njiani waligeuza nyuso. Ni ile aina ya gari dogo lililoinuliwa kidogo, si saluni na si jipu kamili, lenye mabega kama ya kijana aliyeanza mazoezi wiki jana. Mimi nina haki ya kuzungumzia magari. Nimeendesha trekta la kubeba majani ya chai miaka mingi hadi makalio yangu yakachukua umbo la kiti chake, na kidato cha nne nimekisomea usiku, katika darasa ambalo watu walisinzia kwa zamu ili mwalimu asijihisi mpweke.

Mwenye gari, jamaa mnene aliyekuwa akitafuna mahindi ya kuchoma, alinifunza kila kitu kwa pumzi moja.

"Hii haina gia ya kuvuta, ni ya kuzungusha. Kulia unaenda, kushoto unarudi, hapa kati ukifinya inalala. Tumeelewana, mzee?"

Nikamwambia tumeelewana. Mtu aliyefaulu fizikia akiwa amelala nusu hawezi kushindwa na kitu kinachozunguka.

Hebu nikieleze hicho kitu. Pale ambapo gari lenye afya huwa na mkono wa gia, unaoweza kuushika kama bega la rafiki, hili lilikuwa na kidude cha mviringo kinachong'aa, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Ukikizungusha kinasema tk, kama bibi mzee aliyechukizwa, halafu kinajirudia katikati chenyewe kana kwamba hukukiambia lolote. Mkono haujifunzi chochote. Kwenye trekta, hata ukinifunga macho na kunitia ndani ya gunia, nitakwambia niko gia ya ngapi. Humu lazima uinue macho usome herufi kwenye kioo kidogo. Nadhani aliyekibuni hajawahi kukutana na punda barabarani.

Ila sikuwa nimekodi gia. Nilikuwa nimekodi heshima. Umri wangu ulikuwa umepita arobaini, na wasichana niliokua nao walikuwa wameshakuwa mama wakwe. Huko Ndanai nilikuwa nimempata mwanamke, fundi wa nguo, mwenye ulimi mkali na mikono mizuri. Sharti lake lilikuwa moja: "Uje na watu wako, na uje vizuri." Wazee walikuwa wameshakwenda mara mbili kwa koito, vile vikao vya kuposa. Mimi sikuhudhuria, na wa kwao hawakuwa wamewahi kuniona. Ukoo wangu ulichunguzwa, ng'ombe wakatajwa mmoja mmoja kwa rangi zao. Kilibaki kikao cha tatu, cha kufunga mambo, ambamo safari hii mwenyewe nilitakiwa nionekane. Baba yake alikuwa amesema wazi kwamba hakutakuwa na cha nne.

Abiria wangu walikuwa wawili. Mbele aliketi baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinisemea kwa wakwe. Alivaa kofia na koti ambalo nadhani lilishonwa kabla ya nguo nyingine zote kuanza kushonwa. Nyuma aliketi mwanawe, mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari, kijana mrefu wa meno meupe, aliyekuja kubeba zawadi. Wazee wengine wa ukoo walikuwa wametangulia kwa pikapu ya jirani.

"Bro, niachie usukani," alisema binamu kabla hatujatoka Kericho. "Hizi za kuzungusha nimezizoea. Mkuu wetu wa shule anayo."

"Bwana harusi anajiendesha," nikamjibu.

"Mwache," baba mdogo akasema. "Huyu alisoma usiku. Hata bibi anamtafuta jioni ya maisha. Ni mtu wa kuchelewa, lakini anafika."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, kwa sababu usukani ule ulikuwa mwepesi kama mwiko ndani ya uji, na mtu hawezi kununa akiwa ameshika kitu kama hicho. Tulipita mashamba ya chai yaliyochanwa kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani. Kwenye milima gari lilipanda kama mbuzi aliyeitwa kwa jina. Breki zilikuwa kali: niligusa kidogo tu Litein, kofia ya baba mdogo ikaenda kukaa kwenye kioo cha mbele. Halafu lilikuwa na tabia ya kulia pii kila nilipokwepa shimo.

"Inalia nini?" baba mdogo akauliza.

"Inasema nimetoka kwenye mstari."

"Iambie mstari ulitoka kwanza."

Tulipokaribia Sotik nilikumbuka kwamba nimesahau shali niliyomnunulia mama mkwe. Iliachwa ofisini kwa mwenye gari, juu ya kiti. Nikasema tugeuze. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akipanda mti.

"Ukishatoka kwenda koito hakuna kurudi nyuma," alisema. "Hata ukisahau suruali. Kuna mtu wa rika letu alirudi kuchukua tumbaku. Alipofika, wakwe walimwambia umeshakataa mwenyewe, na msichana akapewa mwingine. Mpaka leo anavuta hiyo tumbaku peke yake."

Tukaenda bila shali.

Boma la wakwe lilikuwa juu ya kilima kidogo, na njia ya kuingilia ilipita katikati ya nyasi ya nepia iliyomzidi mtu urefu. Langoni wanawake walikuwa wamejipanga wakiimba, wameziba njia, kama inavyotakiwa. Mbele yao alisimama shangazi wa msichana, dada mkubwa wa baba yake, na nikisema alijaza lango zima peke yake sitakuwa mbali na ukweli. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo cha siagi. Mwanamume anayekuja kuoa akishuka hupakwa siagi hiyo kichwani, na kuanzia hapo ni mtoto wa boma. Nikasimamisha gari, nikafinya katikati, likalala.

"Nyinyi ni nani, na mmepotelea nini huku kwetu?" shangazi akauliza kwa sauti ya kuimba.

Baba mdogo akatoa kichwa dirishani. "Tumepotelewa na ndama, mama. Nyayo zake zimeingia hapa kwenu."

"Na huyo anayeendesha ni nani?"

"Ndiye mwenye ndama."

Shangazi akainama, akanitazama kupitia kioo. Alinitazama kama unavyotazama kitambaa cha bei rahisi. "Mbona ni mzee hivi? Ndama wetu atamkimbilia huyu kwa lipi?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Lakini gari ni safi," mmoja akasema. "Labda tuolewe na gari." Kicheko kingine. Halafu shangazi akatikisa kichwa na kusogea kando, vigelegele vikapanda, na lango likawa wazi. Mbali kidogo, mlangoni mwa nyumba, nilimwona mwenyewe, amevaa gauni alilojishonea, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa anatabasamu.

Sasa, maisha yangu yote, kufungua ni kushoto. Bomba la maji ni kushoto. Jiko la gesi ni kushoto. Nati ya gurudumu la trekta, kifuniko cha tangi la dizeli, chupa ya achari ya marehemu mama, vyote ni kushoto. Lango lilipofunguka, mkono wangu ukafungua gari. Kidude kikasema tk. Mguu ukakanyaga mafuta kwa furaha ya miaka arobaini.

Gari lile linarudi nyuma vizuri ajabu. Halisiti. Kioo kidogo kilijiwasha, na nikaona picha safi kuliko ya televisheni: ukuta wa nepia ukija kwetu kwa kasi. Likaanza kulia pii pii pii kama ndama aliyenyimwa ziwa. Baba mdogo bado alikuwa na kichwa dirishani, mkono umeinua kofia kuwasalimu wakwe, na ndivyo alivyoondoka mbele yao, akiwapungia, akizidi kuwa mdogo. Tulipokoma, tulikuwa ndani ya nyasi hadi milangoni, na tairi za nyuma zimelala kwenye mtaro.

Wimbo ulikatika. Nikasikia nyasi zikijikunja chini ya gari.

"Wamerudi," sauti ya shangazi ikasema pale langoni.

"Ni gia, mama," nilipiga kelele nikiwa ndani ya nepia. "Ni gia tu."

"Nani amerudisha?"

"Ni bwana harusi mwenyewe," wanawake wakamjibu.

"Basi ameshajibu. Ametuona, akamwona na msichana wetu pale mlangoni, akarudi. Tutamlazimisha?"

Nikafungua mlango nishuke nikaeleze. Baba mdogo akanishika shati. "Kaa hapo. Ukifungua mdomo utatuzika." Akashuka yeye, akapita kwenye nyasi na kofia kifuani, akazungumza na shangazi kwa sauti ya chini muda mrefu. Aliporudi, hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe.

"Amesema mkono uliorudisha hauwezi tena kuingiza. Leta wewe hii gari."

Nilishuka. Binamu akaketi mahali pangu, akarekebisha kiti, maana miguu yake ni mirefu, akazungusha kidude kulia kwa vidole viwili kama anayeongeza sauti ya redio. Gari likatoka mtaroni bila hata kuguna. Lilipanda hadi langoni taratibu, kioo kimeshushwa, mkono mmoja nje, meno yote nje. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika Kisii, nina hakika. Nami nilifuata nyuma kwa miguu, nikitoa nepia ndani ya kola.

Binamu alipofungua mlango, shangazi alikuwa ameshachovya vidole. Alimpaka siagi kichwani na kwenye paji la uso, ya kutosha kukaangia mboga za harusi. Alifanya kama mzaha, na watu walicheka kama mzaha. Nilingoja mtu aseme si huyu. Wazee wetu waliotangulia walikuwa wamesimama karibu na hema, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kuvutia sana kwenye kiatu chake. Binamu naye alitabasamu tu. Hakujipangusa. Siagi ikishapakwa haipanguswi.

Baba wa msichana, mzee mwembamba wa maneno machache, akauliza, "Sasa huyu tuliyempaka ni nani?"

"Ni mtoto wangu," baba mdogo akasema.

"Si tuliambiwa ni mtoto wa marehemu kaka yako?"

Baba mdogo alifikiri. Nilimwona akifikiri. Angeweza kunionyesha kwa kidole, nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, nimejaa majani kama fahali aliyekatiwa nyasi mapema.

"Ukoo ni ule ule," alisema. "Na ng'ombe wanatoka boma moja. Sioni kilichoharibika."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. "Na kazi yake?"

"Mwalimu. Alisoma mchana."

Hapo wakacheka hata wazee wetu. Shangazi alicheka hadi akaegemea gari. Msichana akaitwa. Alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala, akasimama mbele ya baba yake.

"Huyu aliyepakwa siagi unamfahamu?" mzee akamuuliza.

Akanitazama mimi kwanza. Nilimwonyesha uso wangu wote, sikuficha kitu. Halafu akamtazama binamu, kuanzia siagi hadi viatu, na akachukua muda wake kushuka.

"Namfahamu kuanzia leo," akasema.

Wakaingia ndani. Mimi niliwekewa kiti karibu na jiko la nje, pamoja na mwenye pikapu, na shangazi alipopita akamwambia msichana wa jikoni, "Mpe dereva chai." Baadaye yeye mwenyewe, fundi wangu wa nguo, alitoka kuchukua vikombe. Nikamwita kwa sauti ndogo. Nikamwambia ilikuwa gia, kwamba kufungua ni kushoto, kwamba mtu yeyote angekosea.

Alinitoa jani la nepia begani, akalitazama, akalitupa.

"Miezi yote hii nilikuwa nikijiuliza nitakuambiaje," alisema. "Ukanisaidia."

Akabeba vikombe vyake akaingia. Ndani walikuwa wameanza wimbo mwingine.

Jua lilipoelekea Kisii, walitoka wakiwa wameshiba na wamekubaliana. Nikaenda kwenye gari, nikashika mlango wa dereva. Baba mdogo akanigusa bega, kwa upole, upole ambao hakuwahi kunipa siku yoyote.

"Panda nyuma, kijana. Bwana harusi anajiendesha."

Basi nikapanda nyuma, pamoja na vibuyu vitupu. Kwa anayetaka kulikodi gari hilo, nimweleze kwa haki: mbele ni raha tupu, lakini kiti cha nyuma ni kigumu, magoti yanagusa kidevu, na dirisha halishuki hadi mwisho.