Jinsi Koplo alivyoacha kula mbuzi wa watu, na nilichobaki nacho

Salaam aleikum wakuu. Na wale wa habari zenu, habari zenu pia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayebisha abishe, mimi nilikuwepo.

Juzi kuna member aliuliza humu afanye nini na mbwa wake anayemaliza kuku wa jirani. Nimesoma majibu yote. Mpige. Mfunge. Mtilie pilipili. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha, kwa sababu hayo yote niliyajaribu.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini. Mimi ni wa Isiolo mjini, wale ambao babu zetu waliletwa na jeshi la mkoloni. Amu yangu alikuwa na duka Kulamawe, kijiji cha Waborana, akanipeleka nikalisimamie. Kijana, sijaoa, Kiborana changu cha kuombea maji tu.

Duka la mabati. Sukari, majani ya chai, tumbaku, betri za tochi. Watu walinunua wakaenda zao. Kuna siku nilijikuta naongea na mzani.

Koplo aliachwa na mafundi waliokuja kuchimba kisima. Alikuwa mtoto wa mbwa, mdogo hivi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nikampa cheo cha marehemu babu yangu. Baba aliposikia alinitumia salamu kwa dereva wa lori, na hizo salamu moderator atazifuta nikiziandika.

Sasa mnajua sisi Waislamu na mbwa. Wazee wa msikiti waliniuliza huyu ana kazi gani, nikawaambia analinda duka. Kulinda gani! Koplo hata mwizi angempokea mzigo. Alilala nje, bakuli lake mbali na vyombo vyangu. Lakini jioni nikishafunga, nilikaa kwenye ngazi nikamweleza habari za siku nzima. Hakuna mtu mwingine niliyekuwa naongea naye. Nasema hivyo bila aibu.

Alipokua ndio balaa likaanza.

Kwanza mijusi. Kisha sungura. Siku moja akaleta mguu wa digidigi akauweka mlangoni, wateja wakiangalia. Kibudu mbele ya duka langu! Mama mmoja alirudisha sukari.

Nikampiga. Akawa akipigwa anakuja kunilamba, nabaki kuosha mikono. Nikamfunga kamba, akalia mpaka muadhini akanijia. Alipoanza kuua kuku nikamfunga shingoni kuku aliyemuua, ile dawa ya kila mtu. Asubuhi kamba ipo, kuku hayupo.

Halafu akaua mwana-mbuzi.

Alikuwa wa Mama Guyo, mjane aliyekaa nyuma ya duka. Mdomo wake ulikuwa mkali, hata mimi mwenye duka nilikuwa nangoja aniruhusu kumhudumia mtu mwingine. Wanawe wote walikuwa wameenda mbali.

Wanaume wakaja. Wakasema mbwa akishaonja mbuzi haachi, auawe leo. Mmoja alikuwa na mkuki. Nikasimama mlangoni, Koplo yuko nyuma ya miguu yangu. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu wazima.

Mama Guyo akapita katikati yao.

"Mbuzi ilikuwa ya nani? Yenu? Ni yangu. Basi hii mbwa nachukua mimi."

Nilidhani anataka kumuua kwa mkono wake.

Alimburuta mpaka kwenye boma la miiba la watoto wa mbuzi, akamfunga kwenye nguzo. Mle ndani kulikuwa na mbuzi jike mzee mwenye pembe, hapendi mchezo. Koplo alipigwa pembe za kutosha siku hiyo. Jioni Mama Guyo akampa maziwa kwa mkebe, hapo hapo katikati ya mbuzi.

"Hii mbwa haina tabia mbaya," aliniambia. "Haina kazi. Wewe umeiweka duka. Duka ni ya mbwa? Mbwa haikulangi kitu yake. Mbuzi ikikuwa yake, haitakula."

Nikamshukuru. Akaninyooshea kidole.

"Sasa wewe. Usimpe chakula. Usimwite. Akikuangalia, angalia upande ingine. Ukimwita tu, mimi naanza mwanzo, na wale watu mkuki yao iko."

Wakuu, hilo ndilo lilikuwa sharti.

Siku za kwanza alilia. Nilimsikia kupitia mabati, nikaongeza sauti ya redio mpaka betri zikaisha. Baadaye Mama Guyo akaanza kwenda naye malishoni, kwanza kwa kamba, kisha bila kamba. Kila asubuhi walipita mbele ya duka. Koplo alisimama, akaniangalia. Mimi nikageukia mzani nikapima sukari ambayo hakuna aliyeiomba. Nikigeuka ameshaenda.

Jioni nilikaa kwenye ngazi kama kawaida, bila mtu wa kumweleza kitu.

Miezi ikapita hivyo. Mvua iliponyesha, jioni moja mbuzi walirudi wakiwa pungufu. Mmoja mwenye mimba hayupo. Koplo naye hayupo. Yule wa mkuki akasema, si niliwaambia. Tukatoka kutafuta, mimi niliacha duka wazi.

Tuliwakuta chini ya mgunga. Mbuzi ameshazaa, anakula majani karibu pale, na Koplo amelala kando ya katoto anakalamba masikio. Alimngurumia yule wa mkuki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa analinda kitu.

Mama Guyo akanigeukia. "Sasa unaweza kumwita."

Nikamwita. Sauti yangu ilitoka vibaya, lakini alikuja. Akatikisa mkia, akaninusa mkono, akakaa kidogo kama mgeni aliyepita kusalimia na gari linamngoja. Katoto kakalia. Akarudi kwake.

Iliniuma, wakuu. Nilifurahi kwamba ataishi, na papo hapo nilitamani angekuwa bado mkorofi lakini wangu.

Mama Guyo aliona. Akabeba katoto, akasema akiwa ameshaanza kutembea: "Hata watoto yangu nilifundisha kazi. Wote wameenda na kazi."

Ukame wa baadaye ulipozidi alihama na mbuzi wake kuelekea Korbesa. Koplo alitembea nyuma kabisa, anasukuma wavivu. Alipofika usawa wa duka hakusimama. Sikuwaona tena.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, acha kumpiga. Mpe kazi, mlaze na hao hao anaowala, alishwe hapo na mtu mmoja, na uwe na subira. Ataacha, hilo nakuhakikishia.

Lakini kama huyo mbwa ndiye mtu unayeongea naye jioni, mnunulie jirani kuku wengine kwanza, ufikirie.

Wenye mbwa leteni maoni. Na mnaoishi peke yenu andikeni pia, hata kama hamna mbwa. Mimi niko hapa nasoma.