Mkono Ambao Haukuandikwa

Kamanthe wa Masii hakuwa mwanamke wa kulalamika. Baada ya kufiwa na mumewe aliendelea kulima matuta yale yale na kuchota maji kisima kile kile, mtungi wa lita ishirini mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa ngozi wa kubebea, umembana paji la uso. Miaka hamsini ya mukwa ilikuwa imechimba mfereji juu ya nyusi zake, naye aliuonea fahari.

Jambo moja tu alilificha: mkono wake wa kushoto. Siku moja mwanawe Erastus alirudi kutoka sokoni amelewa, mama akasimama mlangoni kumzuia, Erastus akamsukuma. Hakumsukuma kwa nguvu. Kamanthe aliketi chini ghafla, akajiegemeza kwa mkono, kifundo kikalia. Hospitali hakwenda. Alimwita Muindi, mkandaji wa mifupa, akamfunga vijiti, na mkono ukapona umepinda. Watu waliambiwa aliteguka. Tangu siku hiyo Kamanthe alivaa mikono mirefu, na Erastus hakugusa pombe tena. Aliokoka, na baada ya mwaka akachaguliwa mzee wa kanisa.

Mgongo wa Kamanthe ulipoanza kuinama na gauni la kanisani likawa linaburutika kwa mbele, binti yake Mutheu alimpeleka Machakos mjini akapimwe uimara wa mifupa. Mapokezini walipewa fomu.

"Mwaitu," Mutheu alimwambia mama yake, "wanauliza kama umewahi kuvunjika mfupa ukiwa mtu mzima."

"Hapana."

"Na ule mkono?"

"Uliteguka. Andika hapana. Ama unataka jina la kaka yako liwe mdomoni mwa kila nesi?"

Mutheu aliandika hapana.

Mashine ilimpitia mgongo na nyonga. Daktari wa siku hiyo alisoma namba: mgongo mzuri kuliko wa wenzake wengi wa umri wake, nyonga imepungua kidogo, haijafikia ugonjwa. Akaitazama fomu, akaona hapana, akamwambia anywe maziwa, atembee, arudi baada ya miaka miwili.

Kamanthe alivyoitunza karatasi ya majibu ndani ya Biblia, ungedhani ni hati ya shamba. Na kesho yake alirudi kisimani.

"Mwaitu, si ungojee punda wa jirani yetu Mutua alete maji?" Mutheu aliuliza.

"Punda wa Mutua apumzike. Yeye hajapimwa."

Mgongo uliendelea kuuma. Kuna asubuhi alizoshindwa kufunga viatu. Mutheu akimsihi warudi hospitali, jibu lilikuwa moja: huo ni uzee, mifupa iko sawa, imeandikwa.

Jumamosi moja adhuhuri aligeuka kutoka mekoni, ameshika sufuria ya muthokoi. Hakuteleza, wala hakujikwaa. Mguu ulikatika chini yake kwa mlio wa mbaazi kavu inayovunjwa, na mahindi yakamwagika hadi uani.

Hospitalini, Daktari Abdiwahab aliziinua picha za eksirei zitazame dirisha. Erastus alikuwa amesimama nje ya pazia la kitanda.

"Susu," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba, "nyonga imevunjika. Lakini angalia hapa mgongoni. Pingili hizi mbili zilibonyea zamani. Huenda siku ya kupimwa zilikuwa tayari zimebonyea."

"Mashine ilisema mgongo ni mzuri. Mutheu, mwonyeshe."

Daktari aliisoma karatasi, akaikunja taratibu.

"Mfupa uliobonyea ni kama unga ulioshindiliwa kwenye debe. Madini yale yale yamebanwa mahali padogo, basi mashine inasoma wingi na kuuita nguvu. Haioni kwamba umevunjika. Na hii namba ya nyonga, watu wengi wanaovunjika walikuwa na namba kama hii. Mashine inapima madini tu, susu. Haijui yaliyokupata. Ndiyo maana kuna fomu."

Aliushika mkono wa kushoto, akaipandisha nguo hadi kwenye kiwiko.

"Na huu?"

Kamanthe alitazama pazia. Chini yake vilionekana viatu vyeusi vya kanisa, vimetulia.

"Daktari yeyote ambaye angeambiwa kuhusu huu angekuanzishia dawa," daktari alisema, "hata namba zingesema nini. Na mgongo ungepigwa picha."

"Nitatembea?"

"Tutaweka chuma. Ndani ya nyumba, kwa fimbo, labda. Kisimani, hapana."

Mutheu aligeukia ukutani. Daktari alichukua fomu mpya.

"Umewahi kuvunjika mfupa ukiwa mtu mzima?"

Kamanthe aliutazama mkono wake.

"Ndiyo," Kamanthe alisema. "Kifundo cha mkono."

"Ulianguka kutoka wapi?"

"Nilikuwa nimesimama tu. Mlangoni."

Kalamu iliandika. Kamanthe alingoja swali ambalo alikuwa amelikimbia kwa miaka yote hiyo. Jibu lake la uongo alikuwa nalo tayari: utelezi, mvua, kizingiti. Daktari aligeuza ukurasa.

"Unavuta sigara?"

Kamanthe alitikisa kichwa.

"Kuhusu mkono," alisema, "ni hayo tu mliyotaka?"

"Hayo tu, susu."

Chini ya pazia, vile viatu havikusogea.