Mlango wa Chumba cha Pamba

Mji wa kaka yangu Masunga hapa Zagayu haujawahi kutulia. Watoto wamo, wakwe wamo, vibarua wa kuchuma pamba wamo, na mimi nimo, niliyerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda. Mkewe, wifi yangu Nyamizi, ndiye anayeitwa na wote hao kuanzia alfajiri.

Mwaka huu alifiwa na mama yake. Sisi wanawake wa jumuiya tulimzunguka usiku na mchana, maana mfiwa haachwi. Tuliimba, tukasali rozari, tukapika. Baadaye akaniambia kwamba katika sala zote zile yeye hakupata kusali, wala kulia hakulia. Ilinikera, kwa sababu sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yangu.

Jumapili moja katekista Joakim akatukumbusha kwamba Yesu mwenyewe aliwaacha watu akaenda kusali mahali pa faragha. Nyamizi akalishika hilo. Sasa faragha hiyo ataipata wapi? Shambani kuna watu. Chooni nako tunapangana foleni. Akachagua chumba cha pamba inayongoja siku ya mizani, kwa sababu pamba humeza kelele. Kila mchana, akishaosha vyombo, alinawa miguu kwa ndoo asije akaichafua pamba, akaacha ndala nje, akajifungia.

Jamani, hapa kwetu mtu akijifungia na pamba huku ndoo ya maji iko mlangoni, hakuna anayefikiria sala. Anatia maji ili uzito uongezeke! Na pamba ya mmoja ikikutwa na maji, mnunuzi anaikataa ya kundi zima la wakulima. Ndaki, mwenyekiti wa kundi letu, alipita, akaziona ndala na ndoo, akasalimia, "Mwadila, mayu!" Akarudia. Kimya. Msukuma gani yuko ndani asiitikie salamu? Kabla ya jua kuzama habari ilishafika kisimani, na kila aliyeteka maji alisema lisemwalo lipo.

Masunga alirudi amewaka. Kundi likitufukuza, watoto watakula nini? Nikamwambia wifi aseme tu kwamba anasali, yaishe. Akakataa.

"Nikishasema, wifi, hakitakuwa chumba changu tena."

Nilimwona mjinga, nikamwambia hivyo hivyo usoni.

Kesho yake Ndaki akaja na wanakundi, na Joakim awe shahidi. Nyamizi akafungua mlango. Wakazamisha mikono kwenye pamba hadi kwapani, huku na huku. Kavu kabisa. Kwenye kona Joakim akainama, akatuonyesha mahali palipobonyea kwa magoti mawili, na rozari juu yake. Ndaki akavua kofia, akamwomba radhi mbele yetu sote. Kwa upande wa kundi, mambo yakaisha hapo.

Kwa upande wa Nyamizi ndiyo kwanza yalianza. Mchana uliofuata wanawake walikuwa mlangoni: huyu mtoto wake anaumwa, yule mumewe mlevi, wote wanataka waombewe na mama wa chumba cha pamba. Aliwasikiliza mmoja mmoja mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Hakuingia chumbani. Nilimwona akiutazama ule mlango, na roho ikaniuma, maana alishaniambia nami nikamwita mjinga.

Basi siku iliyofuata Nyamizi akaingia chumbani, nami nikachukua kigoda nikakaa pale mlangoni. Aliyesalimia nilimwitikia kwa niaba yake, salamu zote, za nyumbani, za mifugo, za shamba. Aliyekuja na shida nilimwambia arudi jioni. Wakanisema kwamba nimejifanya askari. Wacha waseme. Ndaki naye alipita, akasalimia kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Siku moja nikiwa pale nikasikia kilio kutoka ndani. Pamba haikuweza kukimeza chote. Nyamizi alikuwa akimlilia mama yake, kwa mara ya kwanza. Jirani yetu Gloria, aliyekuwa akipita na kuni, akazitua, akaja mbio kumshika, kama desturi inavyotaka.

Nikanyoosha mguu nikaziba mlango.

"Mwache," nikamwambia. "Hayuko peke yake."